Ngeli za Siri: Sarufi ya Kiswahili na Ulinzi wa Siri za Wagonjwa wa Homa Bay na Migori

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kuwa lugha ya sayansi umeendeshwa kwa miaka mingi kana kwamba kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha hii ni moja tu: wanasayansi wavumbue, nasi tukimbilie kamusi kuwatafutia istilahi. Wao wapike, sisi tupakue. Makala haya hayakubaliani na mgawanyo huo wa kazi. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika suala moja zito la zama hizi, yaani jinsi ya kuthibitisha kuwa mitambo inayosafirisha siri za watu haizivujishi njiani, sarufi ya Kiswahili inayo tayari dhana ambayo wataalamu wa kompyuta waliifikia kwa njia ndefu. Dhana yenyewe ni ngeli. Na kwa kuwa siri isiyo na mwenyewe haina uzito, nitazungumzia siri ya watu wa kaunti mbili zilizo kandokando ya Ziwa Victoria: Homa Bay na Migori.

Sababu ya kuzichagua kaunti hizo ni ya kusikitisha. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 yalikuwa asilimia 4.9. Katika Homa Bay kiwango hicho kilikaribia asilimia 20, na katika Migori kilikuwa takriban asilimia 13. Maana yake ni kwamba katika sehemu hizi ugonjwa huu si habari ya watu wengine. Umo katika kila ukoo, na dawa zake huliwa na watu wanaouza samaki, wanaofundisha shuleni na wanaoimba kwaya kanisani. Hata hivyo, unyanyapaa haujaisha. Si ajabu kumkuta mama anayeipita zahanati iliyo karibu na kwake, akapanda matatu hadi mji mwingine, akachukue dawa mahali ambapo hakuna anayemjua kwa jina la mumewe. Nauli ile ndiyo bei anayolipa kununua siri. Mtu asiyeelewa hesabu hiyo hataelewa makala haya.

Serikali nayo iliwahi kutoielewa. Mnamo Februari 2015 ilitolewa amri ya Rais iliyowataka makamishna wa kaunti kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao, na vilevile akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walioambukizwa. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kupanga huduma. Lakini orodha yenyewe ilikuwa jedwali linaloweza kuliweka jina la mtu na hali yake ya kiafya kwenye mstari mmoja. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba amri hiyo ilikiuka haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Ikaagiza majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama ili yasiweze kuunganishwa na hali ya mwenye jina.

Ninaipongeza hukumu hiyo, lakini nataka msomaji atazame saa yake. Amri ni ya Februari 2015. Hukumu ni ya Desemba 2016. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 ilikuwapo tayari, na ilikataza ufichuzi wa namna hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliongeza nguvu. Zote hizo ni kinga za aina moja: humwadhibu aliyevujisha, au humzuia asiendelee. Siri, hata hivyo, ni kama maji yaliyomwagika. Hukumu haiwezi kuyazoa. Tunachohitaji ni uthibitisho unaotangulia, uthibitisho kwamba ujumbe huu, kwa jinsi ulivyoundwa, hauwezi kuvujisha kitu hata ukipita mikononi mwa adui. Haja hiyo ni kubwa zaidi sasa ambapo kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali nyingi za eneo hilo zimetoka kwenye majalada na kuingia katika kompyuta, na majibu ya vipimo husafiri kwa mitandao kutoka maabara hadi kliniki.

Ujumbe hausafiri ovyo. Husafiri kwa itifaki, yaani mfuatano wa hatua ambazo pande mbili zimekubaliana: wewe utasema hivi, nami nitajibu vile, ndipo tutaaminiana. Na ujumbe wenyewe hufumbwa kwa ufunguo, ukafumbuliwa na mwenye ufunguo unaostahili. (Ninatumia vitenzi kufumba na kufumbua kwa makusudi. Wapo wanaopendelea kusimba na kusimbua, lakini lugha iliyolea mafumbo kwa karne nyingi katika ushairi wake haina haja ya kuona haya kuyatumia.) Msomaji anaweza kudhani kwamba ufumbaji ukiwa madhubuti, basi siri iko salama. Historia inakataa.

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki fupi ya kuwawezesha watu wawili kutambuana kupitia mtandao. Ilisomwa, ikasifiwa, ikafundishwa vyuoni. Mwaka 1995, yaani miaka 17 baadaye, Gavin Lowe alionyesha kwamba ina tundu. Tundu hilo halikuwa katika kufuli. Lilikuwa katika mazungumzo. Hebu tulihamishie nyumbani.

Tuseme Achieng ni karani wa maabara mjini Homa Bay, na Boke ni muuguzi katika kliniki ya Isebania, kule Migori mpakani na Tanzania. Kila mmoja ana kufuli lake ambalo mtu yeyote anaweza kulifunga lakini mwenyewe tu ndiye anayeweza kulifungua. Yupo pia mtu wa tatu, tumwite Tapeli, ambaye naye ana kufuli lake halali. Achieng anaanza mazungumzo na Tapeli bila kujua tabia yake: anamtumia kisanduku chenye jina lake na namba aliyoibuni papo hapo, kimefungwa kwa kufuli la Tapeli. Tapeli anakifungua, anakifunga upya kwa kufuli la Boke, anakipeleka Isebania. Boke anaona jina la Achieng, anaamini. Anajibu kwa kisanduku kilichofungwa kwa kufuli la Achieng, ndani yake mna namba ile ya Achieng pamoja na namba mpya ya siri ya Boke mwenyewe. Tapeli hawezi kukifungua, naye hana haja. Anakisukuma tu hadi Homa Bay kana kwamba ni jibu lake. Achieng anaiona namba yake, anaridhika, na kwa mujibu wa itifaki anairudisha ile namba ya pili kwa yule anayedhani ndiye aliyeituma: anaifunga kwa kufuli la Tapeli. Basi kwisha. Tapeli ameishika siri ya Boke, na tangu hapo anaweza kuzungumza na Isebania akijiita Achieng. Hakuna kufuli lililovunjwa.

Dawa aliyoipendekeza Lowe ilikuwa neno moja: Boke aliweke jina lake katika jibu. Achieng akiliona jina la Boke ilhali anazungumza na Tapeli, atashtuka.

Kisa hiki kinafundisha kwamba makosa ya itifaki yanafanana mno na makosa ya upatanisho wa kisarufi. Namba ya Boke iliondoka Isebania ikiwa siri ya Boke na Achieng. Ilipofika Homa Bay ilichukuliwa kuwa kitu cha Achieng na Tapeli. Neno ni moja lakini limepewa viambishi viwili visivyopatana, kama mtu anayesema "kiti kimevunjika" na katika sentensi hiyohiyo akasema "kisha akatengenezwa". Mwalimu wa shule ya msingi angelitia alama nyekundu bila hata kukitazama kiti chenyewe.

Na hapa ndipo dhana ya ngeli inapoingia kwa miguu miwili. Wataalamu wa kompyuta wanayo mbinu ya kuliainisha kila neno la programu katika kundi, kisha kuweka kanuni za kundi gani laweza kukaa na kundi gani. Kabla programu haijaendeshwa, mkaguzi huipitia yote. Akikuta mahali ambapo makundi hayapatani, huikataa. Makundi hayo aghalabu tumeyaita "aina", istilahi ambayo kwetu wanaisimu tayari inabeba mzigo wa aina za maneno. Ninapendekeza yaitwe ngeli, na mfumo mzima uitwe mfumo wa ngeli. Anayedhani ninalazimisha ulinganisho akumbuke kwamba daraja kati ya nyanja hizi mbili si jipya: mwaka 1958 Joachim Lambek, mwanahisabati, aliandika makala maarufu kuhusu hisabati ya muundo wa sentensi, akiyapa maneno makundi na kuihakiki sentensi kwa kuyapatanisha. Alishughulikia Kiingereza, lugha ambayo upatanisho wake ni mkavu. Laiti angalikutana na KI-VI!

Tena mjadala wetu wa ndani kuhusu ngeli una faida hapa. Sote tunaukumbuka ugomvi kati ya uainishaji wa kimofolojia na ule wa kisintaksia. Kwa umbo lake, "kiboko" ni ndugu wa "kikombe". Kwa upatanisho wake, kiboko anakuja, ilhali kikombe kinakuja. Umbo halitoshi, kinachotuonyesha ngeli ni namna nomino inavyotenda ndani ya sentensi. Sasa itazame namba ya siri ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo leo haina mwambao wa ziwa usioijua, kuanzia Sori hadi Mbita. Namba hiyo ina tarakimu nne. Mwaka wa kuzaliwa nao una tarakimu nne. Ukiziandika kwenye karatasi hakuna awezaye kuzitofautisha. Moja husemwa mbele ya wakala bila aibu, nyingine haisemwi hata mbele ya mke. Wenye kushikilia umbo watazitia katika kundi moja. Wenye kushikilia upatanisho watajua kwamba moja ni kiboko na nyingine ni kikombe.

Aliyeujenga mfumo wa ngeli kwa ajili ya siri hasa ni Martín Abadi, katika makala yake ya mwaka 1999 ambayo toleo lake la awali lilitoka mwaka 1997. Aliyagawa maneno yote ya itifaki katika ngeli tatu, ambazo nitazipa majina ya Kiswahili: Wazi, Siri na Shaka. Neno la ngeli ya Wazi laweza kupelekwa kwa yeyote. Neno la ngeli ya Siri, kwa mfano ufunguo, halipelekwi katika njia ya hadhara. Ngeli ya Shaka ni ya maneno ambayo hatujui kama ni siri au la, na kwa sababu hiyo yanabeba tahadhari zote mbili: hayatolewi nje, maana huenda ni siri, wala hayatumiwi kuwa funguo, maana huenda adui anayajua. Hata sisi, tukiona jambo tusilolijua, hatuliiti "yeye" wala "huo", tunauliza "kitu gani kile?" na kulihifadhi katika KI hadi litambulike.

Kanuni iliyo tamu kuliko zote ni ile ya kufumba. Neno la Siri haliruhusiwi kutoka nje, lakini likifumbwa kwa ufunguo ulio katika ngeli ya Siri, matokeo yake huhamia ngeli ya Wazi na kuruhusiwa kusafiri. Mwanafunzi wa Kiswahili hashangai. "Mtoto" ni wa A-WA. Mtie kiambishi u- upate "utoto", na mara ngeli imebadilika, upatanisho umebadilika, ijapokuwa mzizi ni uleule. Kufumba ni uambishaji unaohamisha ngeli. Kufumbua ni kuuvua ule uambishaji. Ndiyo maana Abadi alitaka kila ujumbe uliofumbwa uwe na muundo mmoja unaojulikana: sehemu ya Siri, sehemu ya Shaka, sehemu ya Wazi, na mwisho namba ya kubahatisha ambayo haitumiki tena. Anayefumbua hana budi kujua kipi alichokishika ni cha ngeli gani, la sivyo atakirudisha nje kwa kiambishi kisicho chake, kama alivyofanya Achieng. (Mfumo wa awali wa Abadi ulihusu funguo zinazomilikiwa na pande mbili kwa pamoja. Makufuli ya hadhara kama yale ya kisa chetu yalishughulikiwa na Abadi pamoja na Bruno Blanchet mwaka 2001.)

Kilichothibitishwa ni kitu gani basi? Ni kwamba itifaki inayopita ukaguzi huu haifichui thamani zilizoingizwa ndani yake katika ngeli ya Shaka. Na neno "haifichui" limepewa maana kali: ukiiendesha mara mbili, mara ya kwanza ikiwa na thamani moja na mara ya pili ikiwa na thamani nyingine, mtu aliye nje hawezi kuzitofautisha. Haitoshi kwamba hakulisoma neno. Asiweze hata kubahatisha kwa kuangalia kilichotokea.

Niruhusiwe kukaa kidogo hapa, kwa sababu maana hii kali ndiyo watu wa Homa Bay wanaijua kuliko maprofesa. Siri ya mgonjwa mara chache hutolewa kwa maneno. Hutolewa na mlango. Katika hospitali nyingi kliniki ya wanaotumia dawa ilitengwa na nyingine, na aliyeonekana akiingia mlango ule alikuwa amekwisha kusomwa. Hutolewa na rangi ya kadi, na siku ya wiki, na mlio wa vidonge katika chupa ya plastiki, hata wengine wakazoea kuvihamishia karatasini. Muuguzi aliapa kutosema, naye hakusema, lakini utaratibu ulisema kwa niaba yake. Kwa lugha ya Abadi, programu ilichagua njia kwa kulitazama neno ambalo haikupaswa kulitazama: akiwa nao, mlango huu, akiwa hana, mlango ule. Mfumo wake unaikataa programu ya namna hiyo. Neno la Shaka haliruhusiwi kulinganishwa ili kuamua hatua inayofuata. Sharti libebwe kama tarishi anavyobeba barua iliyofungwa, mwendo wake ukiwa uleule hata ndani mkiwa na tanzia au na harusi.

Nani basi, katika jamii zetu, ameandaliwa kulielewa hili? Jiografia ya lugha katika Migori na Homa Bay inatupa darasa la ajabu. Wakuria ni Wabantu, na lugha yao ina ngeli. Mtoto wa Kuria anapojifunza Kiswahili hubadili viambishi tu, ukaguzi wenyewe anao kichwani. Dholuo ni ya jamii ya Kiniloti, na nomino zake hazidai upatanisho wa namna hiyo. Mtoto wa Kijaluo hulazimika kuujenga ukaguzi kutoka chini, nao walimu wa sehemu hizo wanajua jasho linalotoka. Halafu wapo Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, ambao lugha yao ya Kibantu imemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Babu alikuwa na ngeli, mjukuu hana. Sisemi kwamba lugha moja ni bora kuliko nyingine, na atakayenisoma hivyo atakuwa amenionea. Nasema kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Migori hulazimika kuifundisha ngeli kama kitu kinachojengwa, kinachoelezwa sababu, kisichochukuliwa kuwa cha kuzaliwa nacho. Huyo ndiye mtu wa kumfafanulia mwanafunzi wa kompyuta kwa nini programu yake imekataliwa ilhali "inafanya kazi".

Najua pingamizi litakaloletwa. Litasemwa kwamba ulinganisho huu unachechemea, kwa kuwa ukisema "kiti amevunjika" sokoni Migori utaeleweka, na kiti utauziwa. Naam. Binadamu husamehe. Lakini pingamizi hilo linaniunga mkono bila kujua, kwani mashine isiyo na mfumo wa ngeli nayo husamehe, tena husamehe mno: itaipokea namba ya siri mahali pa mwaka wa kuzaliwa na kuipeleka hadharani bila kuguna.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mkaguzi wa ngeli ni mkali kupita kiasi. Huzikataa baadhi ya itifaki ambazo kwa hakika ni salama, kwa kuwa tu hazikuandikwa kwa muundo anaoutambua. Tunawajua walimu wa namna hiyo, wanaokata alama kwa "gari yangu" ilhali nusu ya nchi husema hivyo. Kwa mashairi na hadithi fupi ukali huo ni kero. Kwa jina la mtoto wa shule na hali yake ya kiafya, mimi nitauchagua ukali.

La tatu silipingi kabisa. Uthibitisho huu ni wa mchoro wa itifaki, wala si wa dunia nzima. Katika mchoro, kilichofumbwa hakionekani kamwe. Duniani, kinaonekana angalau urefu wake. Na kwa hili upo mfano wa Kiswahili chenyewe. Kati ya mwaka 2007 na 2009 ulifanywa utafiti katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Wagonjwa 538 walioanza dawa waligawanywa makundi mawili. Wa kundi moja walikuwa wakitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila Jumatatu, neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Waliotumiwa ujumbe huo walizingatia dawa zao vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakutumiwa.

Ninaupenda utafiti huo kwa sababu ya lile neno lililochaguliwa. Hakuna ugonjwa ndani ya "Mambo?". Shemeji akiichukua simu mezani ataona salamu. Waliochagua neno hilo walifuata maana kali ya siri hata kama hawakutaja nadharia yoyote: ujumbe wa mgonjwa usitofautike na ujumbe wa asiye mgonjwa. Lakini tuuchukulie sasa kana kwamba tunauandaa kwa ajili ya wagonjwa wa Suba au Nyatike, na kwamba majibu yanafumbwa. Ikiwa hakuna ile namba ya kubahatisha ya Abadi, basi "Sawa" ya kila Jumatatu hutoa fumbo lilelile, na mtazamaji ataijua Jumatatu fumbo litakapobadilika. Ikiwa namba hiyo ipo, bado urefu unabaki: "Sawa" ina herufi nne, "Shida" ina tano. Herufi moja ya ziada inatosha kumwambia mtu aliyekaa kando ya mtandao ni nani anayeumwa wiki hii. Mtambo unaweza kuagizwa ujaze nafasi tupu hadi majibu yote yalingane, lakini lazima kwanza awepo mtu aliyeliona tatizo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo na linatekelezeka muhula huu. Kamati ya istilahi iyajadili maneno itifaki, kufumba, ngeli, Wazi, Siri na Shaka, ikiyakataa itakayoyakataa, na itofautishe vema siri, ambayo ni habari yenyewe, na faragha, ambayo ni haki ya mtu kuimiliki. Kisha tuwaalike wenzetu wa idara ya kompyuta, tuwape itifaki ya ujumbe huo wa Jumatatu, nao wazipange hatua zake kwa ngeli huku sisi tukichagua maneno. Katika kikao hicho mimi nitapendekeza "Sawa" na "Shida" ziachwe, na mahali pake pawekwe "Salama" na "Tatizo", herufi sita kwa sita. Atakayekuja na jozi iliyo bora zaidi, ambayo bibi wa Kendu Bay ataiandika bila kutatizika, anakaribishwa.